Ukurasa Ambao Hukuuchora

Mabawa, Tanga
20 Aprili 2024

Kwa mwanangu Hasina binti Nasri,

Asalam alaikum. Mimi mama yako ni mzima wa mwili, nala, nalala, napika. Watu huandika "hofu ni kwako" kwa mazoea tu, kama kupiga hodi, lakini mimi leo naiandika na ni kweli tupu.

Baba yako anakusalimu sana. Bado yuko getini pale Raskazone, na sasa wamempa koti jipya lenye vifungo vya shaba, basi hata sokoni analivaa. Bibi yako Sabra anakusalimu, miguu inamvimba na macho yamezidi ukungu, lakini masikio Mungu kamwachia, hata nikifunua sufuria kwa siri anauliza kuna nini. Mdogo wako Aliya anakusalimu, yuko darasa la sita na ameanza kunijibu kwa macho. Mama Lea wa jirani anakusalimu pamoja na mumewe, na Lea wao ameota jino la mbele. Hata yule paka wako mwenye mkia nusu yupo, kazaa tena nyuma ya debe la unga.

Baada ya hayo. Mwanangu, Idi imekuja na imeondoka na sauti yako sijaisikia. Simu yako kila nikiipiga kwa simu ya Mama Lea, yule mwanamke wa mtandao ananiambia hupatikani, mpaka nimemchukia na simjui. Tangu katikati ya Ramadhani. Baba yako yeye hana habari, barazani anawaambia wenziwe, "Nesi wangu yuko zamu, nesi hana Idi." Na mimi, hata chuo cha uuguzi hujakimaliza, watu wameshaniita Mama Nesi, nikipita dukani naitikia.

Juzi bibi yako katikati ya kula akasema, "Hasina anazidi kufanana na Azza." Nikambadilishia maneno. Sipendi mama mdogo wako atajwe wakati wewe husikiki.

Barua hii nampa Manase mkononi, yule utingo wa basi la Mwanza, ni mtu wa Muheza, mwaminifu. Nimefunga na visheti na achari ya ndimu. Atakuwa anakuulizia pale stendi ofisini kwao. Ukipata, andika kabla hujaonja visheti.

Mimi mama yako,
Semeni

*

Mwanza
3 Mei 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo kwa baba na koti lake, na kwa bibi, mbusu mikono. Aliya mwambie akikujibu kwa macho nitakuja kuyafumba. Mama Lea nampa pole ya jino, maana najua litamng'ata yeye kwanza.

Samahani mama kwa kimya. Simu yangu iliingia maji ikafa, fundi ameshindwa. Mwenzangu ninayekaa naye, Hafsa, anayo, lakini sipendi kumsumbua. Na kusema kweli nimeona barua ina raha yake. Mtu anaandika, anafuta, hakuna anayemsikia akinyamaza.

Mimi sijambo. Kazi ni nyingi. Mwanza ni mawe na milima, kila unapokwenda unapanda, miguu yangu imekuwa kama ya mbuzi.

Jambo nililotaka kukwambia ni hili. Nimeanza tena kuchora. Kila Jumamosi tunakutana watu sita kwa mchoraji mmoja anaitwa Eliudi, anatufundisha katuni. Si zile za kuchekesha tu, mama. Kuna watu wanaandika kitabu kizima kwa picha, hadithi ya mtu tangu mwanzo hadi mwisho, unasoma mpaka unalia. Nimetengeneza changu, nimekibana mwenyewe kwa pini. Kina kurasa nane na kila ukurasa picha mbili. Hakina neno hata moja. Eliudi anasema hadithi ikisimama bila maneno imesimama kweli. Sijakipa jina.

Wa kwanza kukisoma ni wewe. Baba usimwonyeshe. Ukimaliza niambie umeona nini.

Visheti vimeisha siku ile ile. Hafsa anasema umwozeshe kwa mtu wa Tanga.

Mwanao,
Hasina

*

Mabawa
19 Mei 2024

Mwanangu Hasina,

Salamu za watu wote wa nyumba hii zipokee kwa mkupuo, baba yako, bibi yako, Aliya, na wa jirani, maana leo nikianza kuhesabu mmoja mmoja kalamu itanianguka. Wote wazima. Mimi si mzima.

Kitabu nimekipata Alhamisi. Manase alikileta mpaka mlangoni. Mimi katuni nilizijua zile za ukutani kwa kinyozi, watu wenye pua kama bamia, mtu anaanguka darini na kichwani kwake zinazunguka nyota. Nikasema leo nitacheka. Nikamaliza kupika, nikaosha mikono, nikakaa uani peke yangu baada ya alasiri.

Bibi yako akasikia karatasi. "Nini hicho?" Nikamwambia ni picha za Hasina. "Za watu?" Za watu. Akasema, "Zipige mstari shingoni zote, ndipo ziingie ndani. Zisikae na roho humu ninamoswali." Nikachukua penseli ya Aliya. Nikakifungua.

Hasina, nikwambie nilichokiona, maana uliniambia nikwambie.

Niliona msichana amelala kitandani. Kisha ameamka, amekaa, ana kikombe cha chai mkononi. Kisha yuko mlangoni. Kisha yuko nje njiani kwenye mawe, na nguo zake zimelowa, nikadhani mvua imemnyeshea, nikatafuta mawingu, hakuna mawingu. Kila anavyokwenda nguo zinazidi kulowa. Amefika majini. Pale yuko mwanamke anaosha dagaa, amemshika mkono kwa nguvu, uso wa mwanamke yule umekunjamana, anamzuia. Nikasema, mshike, mama wee, mshike! Nikafungua ukurasa. Hakumshika. Picha inayofuata ni kichwa tu juu ya maji. Kisha mkono. Kisha maji matupu, hayana hata povu. Basi. Karatasi imekwisha.

Ile picha ya maji matupu nimeitazama mpaka adhana ya magharibi. Nilikuwa nangoja kitu kitokee.

Na kati ya picha na picha kuna kile kinjia cheupe. Hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa unaanguka. Kwenye picha naweza kumwona, huyu hapa, bado yupo. Kwenye ule weupe simwoni, na sijui anafanya nini, nikivuka nakuta keshafika mbali zaidi. Nani alitunga kitu kama hicho, kumwonyesha mama mtoto kisha amfiche, amwonyeshe, amfiche?

Utaniambia ni hadithi. Hasina, kikombe nimekijua. Kile cha bati cheupe, mdomo wa buluu, kimebanduka pale Aliya alipokiangusha kisimani. Nilikufungia mwenyewe siku ya safari. Umekichora mpaka ule mbanduko.

Mstari shingoni sikupiga. Nilishika penseli, mkono ukakataa. Nimemdanganya bibi yako nimepiga. Kitabu nimekificha ndani ya debe la unga pamoja na dhambi yangu.

Mwanangu, usiende karibu na maji. Hata kufua, fulia nyumbani. Kama kuna mtu amekuudhi mtaje. Kama ni masomo yamekushinda yaache, rudi, tutakula mihogo. Jibu kwa basi hilo hilo, Manase anageuza Jumapili.

Mama yako,
Semeni

*

Mabawa
9 Juni 2024

Hasina,

Baba yako, bibi yako na Aliya hawajambo. Mama Lea hajambo.

Wiki ya tatu hii. Manase anasema barua aliiacha ofisini kwao Mwanza, na siku aliyorudi aliikuta pale pale mezani, haijachukuliwa. Nikamuuliza, "Hujamwona stendi?" Akasema, "Mama, mimi huwa namwona akinisubiri. Safari hii sikumwona." Alisema akitazama matairi.

Kila chombo nikitekeacho maji naona ile picha ya maji matupu. Aliya ameniuliza mbona siku hizi nasimama karai likijaa mpaka linamwagika.

Hasina, andika. Hata jina lako tu.

Mama

*

Mwanza
14 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo, na nisamehe. Niliumwa homa, nikahama na chumba, sikupita stendi. Leo nimekuta barua zako mbili zimelaliana. Nimezisoma nimesimama hapo hapo ofisini mpaka karani akaniletea kiti.

Mama! Umekisoma kinyume!

Umekifungua kama juzuu, kutoka kulia, sivyo? Na picha zenyewe ukazisoma kutoka kulia. Kosa ni langu, sikuandika hata namba, nilisahau kwamba kitabu ulichokishika maisha yako yote ni kile cha Kiarabu, cha chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Lakini katuni zetu zinaanza kushoto, kama barua hii. Chukua kitabu, pini ziwe mkono wako wa kushoto, anza na maji.

Utaona mama, hazami. Anatoka! Maji matupu, kisha mkono, kisha kichwa. Mwanamke wa dagaa hamzuii, anamvuta. Ndiyo maana uso umekunjamana, kumvuta mtu aliyelowa ni kazi. Halafu anatembea njiani na nguo zinakauka. Anafika nyumbani, anapewa chai, analala. Ni hadithi ya mtu kurudi. Eliudi ameipenda, anataka kuiweka ukutani siku ya maonyesho.

Nilipomwambia Hafsa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

Na kikombe ni kikombe tu mama. Mchoraji huchora kilichoko mezani kwake. Msichana si mimi.

Idi njema. Usisimame tena mbele ya karai.

Wako,
Hasina

*

Mabawa
27 Juni 2024

Kwa mwanangu Hasina, aliye hai,

Asalam alaikum warahmatullahi. Baba yako anakusalimu. Bibi yako anakusalimu mara mbili, utajua kwa nini. Aliya anakusalimu na anataka kujua kama kuna katuni ya paka. Mama Lea anakusalimu, na mumewe, na Lea ambaye jino amelivunja. Mimi Semeni nakusalimu na roho yangu yote.

Barua yako ilipofika niliisomea jikoni, nikapiga kigelegele, Mama Lea akaja mbio anadhani tumepata posa. Nikamwonyesha kitabu, nikamweleza. Alinicheka! "Shoga, wewe kweli mtu wa chuoni, hata maji umeyarudisha kinyumenyume." Nikamwambia nenda zako wewe, kwenu Biblia inaanzia wapi? Tukacheka wote wawili mpaka uji ukamwagika.

Basi nikakaa, pini kushoto. Nikaanza na maji. Nikaweka kidole kila picha kama mtoto wa darasa la kwanza. Na kweli, ametoka. Ule mkono ulionitia homa, sasa ulikuwa mkono unaopanda. Nguo zinakauka kidogo kidogo, nikaona hata jua ulilolichora ubavuni, mwanzo sikuliona. Ule weupe wa katikati ya picha haukuniangusha tena. Nilikuwa navuka namkuta, navuka namkuta, kila mara kavu zaidi. Nililia kwa raha, nikamshukuru Mungu, nikakirudisha debeni.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi nachota unga wa kukanda, mkono ukakigusa kitabu, na neno likanijia nisilolitaka.

Mtu hawezi kutoka majini na nguo zake zote kama hakuingia.

Hasina, picha yako ya kwanza ni maji, na yeye tayari yumo ndani. Ametumbukia lini? Nani alimtia? Ukurasa huo hukuuchora. Umeniletea hadithi ya kurudi, na ya kwenda umeiacha kwenye weupe.

Nikachukua barua zako zote nikazipanga. Mwezi wa tano uliniandikia, simu iliingia maji. Nami nilifurahi kuona mwandiko wako, sikuuliza maji gani.

Sasa nami nikwambie nilichokificha, tuwe sawa. Siku ile niliyokuandikia barua fupi, sikuishia hapo. Nilikwenda kwa Mama Lea, mumewe akapiga simu chuoni kwenu. Wakatafuta. Wakasema Hasina Nasri hayupo tangu mwezi wa pili, alifeli mtihani akaondolewa. Nilimwambia mume wa Mama Lea aape hatamwambia mtu, akaapa. Nikarudi nyumbani nikapika wali. Nimeitikia Mama Nesi siku zote hizi nikijua.

Mwanangu, ulibeba hilo peke yako tangu mwezi wa pili, kwa ajili ya vifungo vya koti la baba yako?

Nina jambo jingine. Umelelewa ukiambiwa mama mdogo wako Azza aliteleza kivukoni Pangani. Kwetu hilo ndilo neno, tulikubaliana siku ya matanga na hakuna aliyelivunja. Leo nalivunja mimi. Azza hakuteleza. Alivivua viatu vyake akavipanga kwenye ngazi, kimoja ubavuni mwa mwenziwe, vizuri kabisa. Mtu anayeteleza hapangi viatu. Viatu vile nilivichukua mimi.

Na asubuhi yake alinijia. Nilikuwa nakuna nazi, tuna wageni. Akakaa karibu na mbuzi, akasema, "Dada, nina neno nataka nikwambie." Nikamwambia, "Subiri kwanza nimalize nazi hii." Alisubiri kidogo. Nilipoinua kichwa hayupo. Miaka ishirini na sita sasa, kila nikikuna nazi namsikia ananisubiri. Ndiyo maana mimi ni mwoga. Si kwamba nilizaliwa hivi.

Ndiyo maana pia niliposoma kinyume sikuona ajabu. Hadithi hiyo naijua kwa upande huo tu. Upande wa kutoka sikuwahi kuuona.

Ijumaa bibi yako akaniuliza, "Zile picha, mbona hunisomei?" Nikamwambia mama, huoni. Akasema, "Nina masikio." Nikamfuata kitandani kwake, nikamsomea picha moja moja, kushoto kwenda kulia. Hapa maji. Hapa mkono. Hapa kichwa. Akanishika kanga. "Anatoka?" Anatoka, mama. "Nani kamtoa?" Mwanamke anayeosha dagaa. Nikaendelea, njia, mlango, chai, kitanda. Nilipomaliza aliiachia kanga. Kisha akasema, "Azza hakumpata mwanamke wa dagaa." Hajalitamka hilo kwa miaka yote hiyo, Hasina, mimi nilidhani anaamini aliteleza. Akaniambia, "Mstari umepiga?" Nikasema sijapiga, nilikudanganya. Akasema, "Usipige."

Baba yako nimemwambia la chuo. La maji sikumwambia, hilo ni lako, utamwambia ukitaka. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. Nilingoja aseme kuhusu barazani na wenziwe. Akasema, "Miezi yote hiyo, anakula kwa nani?" Kesho yake akamwendea Manase mwenyewe kuuliza basi linaondoka saa ngapi. Nakuja Jumanne, peke yangu, na kitabu chako kifuani. Nikifika nataka kwanza nipelekwe kwa yule mwanamke wa dagaa. Usiniambie hayupo. Uso ule hauchorwi kwa kubuni. Nimembebea kanga.

Eliudi mwambie akiweke ukutani, sina neno. Lakini ule ukurasa wa kabla ya wa kwanza usimchoree yeye, wala usinichoree mimi. Nisimulie kwa mdomo. Sina wageni, sikuni nazi, mikono yangu haina kitu.

Kutoka leo hadi Jumanne ni siku tano, na siku tano ni weupe mpana, mwanangu, siwezi kuuvuka bila kukuona. Kwa hiyo barua hii usiijibu kwa barua. Siku ile ile uipatayo chukua simu ya Hafsa, msumbue, piga namba ya Mama Lea niliyoiandika nyuma ya karatasi hii. Nitakuwa nimekaa kizingitini kwake. Usieleze lolote. Sema "nipo" tu, kisha ukate.

Mama yako,
Semeni